Kabla Hajatoa Sauti

Jumamosi moja ya Novemba, maembe ya Tabora yakiwa ndiyo kwanza yanashika rangi, tulikutana ukumbi wa parokia kumtafuta binti wa kuimba solo mkesha wa Krismasi. Wimbo ulikuwa Ave Maria ya Schubert. Wenzangu wanne walikaa benchi la mbele, mimi nikawa kwenye kinanda, na kila mmoja wetu alikuwa na kura yake.

Mwishoni walibaki wawili. Wa kwanza anatoka Isevya. Aliingia kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, akatusalimu "Tumsifu Yesu Kristo" kwa tabasamu, akasimama mguu mmoja mbele kidogo, na wimbo ulipopanda akaifungua mikono taratibu kama anayepokea mtoto mchanga. Wa pili anatoka Cheyo. Aliishika karatasi ya nota kwa mikono miwili kana kwamba upepo utaichukua, akaimba mwanzo hadi mwisho akiitazama saruji iliyo kati ya viatu vyake. Tukapiga kura. Wa Isevya alipata nne, wa Cheyo moja, na ile moja haikuwa yangu.

Usiku nikasikiliza rekodi. Simu yangu ilikuwa imelala juu ya kinanda, kwa hiyo hakukuwa na picha, ni sauti tupu. Binti wa Isevya alikuwa anashuka. Kila alipofika kwenye nota ndefu za juu sauti yake ilizama chini ya ile ya kinanda, si sana, lakini kiasi ambacho mpiga kinanda yeyote anapaswa kukisikia. Na mpiga kinanda nilikuwa mimi, mita mbili kutoka kwake. Binti wa Cheyo alikaa juu ya kila nota kama msumari uliopigwa ukaingia. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Nilikuwa nimesikiliza nini mchana ule? Swali hilo limenifanya nisome na kutazama mengi kuhusu wanamuziki wa klasiki wanaopiga au kuimba peke yao mbele ya watu: sura zao, mavazi yao, wanavyosimama, wanavyotembea. Jambo hili limewasumbua wakubwa wa Vienna, London na New York kabla halijatufikia sisi hapa. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba sentensi yetu ya kwenye kwaya, "huyu anajua jukwaa", imefungia mambo matatu tofauti kwenye fundo moja. Kuna mwili unaofanya kazi ya kutoa sauti. Kuna mwili unaomwonyesha msikilizaji maana ya sauti hiyo. Na kuna sura inayouzwa. Ugomvi mwingi kuhusu jambo hili unatokana na mtu mmoja kuzungumzia la kwanza huku mwenzake akimjibu kwa la tatu.

Bega la mwimbaji

Tuanze na mwili unaofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani kila mjongeo wa msanii ni madoido.

Mpiga kinanda anayemsindikiza mwimbaji haangalii mdomo. Anaangalia bega na mbavu. Mwimbaji anapovuta pumzi, kasi ya pumzi ile inakuambia mwendo wa wimbo, na pale inapojaa ndipo nota ya kwanza inapoanzia. Mpiga fidla aliyesimama mbele ya okestra ya watu sitini au themanini hufanya vivyo hivyo kwa kichwa na upinde wake: anauinua, anavuta hewa puani, na kondakta pamoja na wapigaji wa karibu wanaingia naye kwa wakati mmoja. Hakuna neno lililosemwa. Mfunge mtu huyo asijongee, na okestra itayumba.

Kuna hata mambo yanayoonekana kama mtindo kumbe ni haja. Evelyn Glennie wa Scotland, mpigaji wa ngoma na marimba anayejulikana dunia nzima, hupiga miguu mitupu. Mtu asiyejua atasema ni mbwembwe. Glennie alipoteza sehemu kubwa sana ya usikivu wake akiwa bado mtoto, na huvua viatu ili mitetemo impande kupitia sakafu.

Ila kuna mjongeo ambao hauwezi kubadilisha sauti hata kidogo. Kwenye piano, kidole kikishabonyeza kibao, nyundo iliyo ndani huruka, hugonga waya na kurudi. Baada ya hapo mkono hauna tena uwezo juu ya jinsi nota ilivyogongwa. Kilichobaki ni kuishikilia au kuiachia, na mguu kwenye pedali. Hata hivyo utawaona wapiga piano wakubwa wakiuinua mkono polepole hewani baada ya nota, kama mtu anayevuta uzi wa hariri. Nilipokuwa kijana mwalimu wangu aliita hiyo "kupaka rangi upepo", nami nikamwamini kwa miaka mingi.

Siku hizi siamini hivyo tena. Mwaka 2007 Michael Schutz na Scott Lipscomb walichapisha utafiti kuhusu marimba. Walimrekodi mpigaji akigonga nota kwa mkono mrefu unaofagia hewa, kisha kwa mkono mfupi unaokatiza. Kwa sauti peke yake, wasikilizaji hawakuona tofauti ya urefu wa nota. Walipowekewa picha pamoja na sauti, nota ya mkono mrefu ikawa ndefu zaidi masikioni mwao. Waliombwa wapime sauti tu, na bado jicho likapenya. Kwa hiyo yule anayeuinua mkono baada ya nota habadilishi kilichotoka kwenye piano, lakini anabadilisha kinachosikika kichwani mwa aliyeketi mbele yake. Huo nao ni muziki.

Jane Davidson alikwenda mbali zaidi. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1993, wapigaji walibandikwa vipande vya utepe unaong'aa kwenye viungo vyao na kurekodiwa gizani, hivi kwamba mtazamaji aliona vidoti vinavyotembea na basi: hakuna uso, hakuna nguo, hakuna urembo. Kila mpigaji alipiga kwa namna tatu: bila hisia, kwa kawaida, na kwa kuzidisha. Watazamaji waliitambua namna ile kwa vidoti peke yake vizuri kuliko walivyoitambua kwa sauti peke yake. Nikisoma hapo nawakumbuka bibi zetu. Kwenye ngoma hamna anayehitaji kuambiwa huyu anacheza kwa moyo na yule anatimiza wajibu, bega linasema.

Majaji walioona

Sasa lile lililonikuta mimi. Mwaka 2013 Chia-Jung Tsay, mtafiti ambaye ni mpiga piano pia, alichukua rekodi fupi za fainali za mashindano makubwa ya muziki wa klasiki, kila fainali ikiwa na washindani watatu. Akawauliza watu: nani alishinda? Ukibahatisha tu, utapata moja kati ya tatu. Waliosikiliza sauti peke yake hawakufikia hata kiwango hicho cha kubahatisha. Waliotazama video isiyo na sauti walipatia karibu nusu ya nyakati. Na hao hawakuwa watu wa mtaani tu: wanamuziki waliobobea walipata matokeo yaleyale, ilhali walipoulizwa mwanzoni walisema sauti ndiyo wanayoitegemea.

Habari hiyo ilienea kwa kichwa cha habari kwamba majaji ni viziwi. Mimi naisoma tofauti. Waliofika fainali ya mashindano ya namna hiyo wote ni mahodari wa kutisha. Hakuna anayekosea nota. Sikio likiwekwa mbele ya watu watatu waliolingana hivyo linakosa pa kushika, na jicho linajitolea kusaidia bila kuitwa. Pia utafiti ule unapima nani alichaguliwa na majaji, haupimi nani alipiga vizuri. Majaji walikuwa ukumbini na macho yao wazi. Kwa hiyo kinachothibitika ni kwamba jicho la mtu wa kawaida na jicho la jaji linavutwa na kitu kilekile: mwili unaoonyesha ari. Ari ile mara nyingi ni ya kweli na inaambatana na muziki mzuri. Mara nyingine inaambatana na nota zinazoshuka, kama siku ile kwetu.

Enzi za mishumaa

Wapo wanaosema balaa hili limeletwa na simu na mitandao. Si kweli. Lina umri wa karibu miaka 200.

Niccolò Paganini, mpiga fidla wa Italia aliyezaliwa 1782, alikuwa mrefu, mwembamba wa kuogofya, nywele ndefu, nguo nyeusi tupu. Watu walisema ameuza roho yake kwa shetani, na uvumi ule ulijaza kumbi. Alipofariki mwaka 1840 kanisa lilimnyima maziko, na mwili wake ukahangaishwa kwa miaka. Sura iliyomlisha akiwa hai ndiyo iliyomfuata kaburini.

Franz Liszt alimsikia Paganini huko Paris mwaka 1832 akiwa kijana wa miaka 20, akaapa kufanya kwenye piano alichokisikia kwenye fidla. Alichukua na lile jukwaa pia. Aliikalisha piano ubavu kwa watu, kifuniko kikiwa wazi, ili sauti iende ukumbini na uso wake uonekane kwa upande. Akapiga kwa kichwa bila karatasi, akapanda jukwaani peke yake jioni nzima, jambo ambalo lilikuwa geni kwa sababu tamasha wakati ule lilichanganya waimbaji na wapigaji wa kila aina. Wanawake waligombea glavu zake. Mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine aliupa wazimu ule jina lake, akauita Lisztomania.

Angalia hapo namna fundo lilivyofungwa. Kuigeuza piano ubavu ni jambo la sauti: kifuniko kilichoinuliwa kinaitupa sauti kwa wasikilizaji. Ni jambo la sura pia: watu wanaona mikono na pua ya mtu. Huwezi kuvitenganisha, na hadi leo piano ya tamasha inakaa vivyo hivyo.

Kupiga bila karatasi kuna kisa chake. Clara Wieck, ambaye baadaye aliolewa na Robert Schumann, alifanya hivyo akiwa msichana katika miaka ya 1830 na wapo walioona ni majivuno. Leo mpiga piano akiweka karatasi mbele yake, ndiye anayeonekana hakujiandaa. Kitu kilekile, hukumu imepinduka.

Gauni halina pa kujificha

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo wanawake wanapoumizwa.

Mwanamume anayepiga solo amerithi sare. Lile koti jeusi lenye mikia miwili nyuma, na tai nyeupe, lilikuwa vazi la kawaida la jioni kwa wanaume wenye nafasi huko Ulaya katika karne ya 19. Mitaani likapotea, jukwaani likabaki. Faida yake ni kwamba halisemi kitu. Ukimwona nalo humfikirii fundi wake, unasubiri muziki. Mwanamke hana vazi la namna hiyo. Kila atakachovaa kitasomwa: refu sana ni la kizamani, fupi sana anatafuta macho, jeusi anajificha, jekundu anajionyesha. Hana nguo iliyo kimya.

Mwaka 2011 Yuja Wang, mpiga piano aliyezaliwa Beijing, alipiga koncheto ya tatu ya Rachmaninoff kwenye uwanja wa Hollywood Bowl, Los Angeles. Koncheto ni kazi ndefu ya mpigaji mmoja na okestra, na hii ya tatu ni dakika kama 40 za kazi nzito kuliko karibu zote zilizoandikwa kwa piano. Alivaa gauni fupi la rangi ya chungwa. Kilichojadiliwa magazetini baada ya hapo ni gauni. Mwaka 2023 mwanamke huyohuyo alipiga koncheto zote 4 za Rachmaninoff pamoja na Rapsodi yake juu ya wazo la Paganini, kwa siku moja, Carnegie Hall, New York. Sijui binadamu wangapi wanaweza hilo. Na bado wapo walioanza habari kwa kuhesabu nguo alizobadilisha.

Mtafiti Noola Griffiths alilipima jambo hili. Aliwarekodi wapiga fidla wanawake wakiwa na mavazi tofauti, jinzi, gauni la tamasha, na gauni la kwenda disko, kisha akaweka sauti ileile juu ya picha zote. Watazamaji walitoa alama tofauti za ufundi. Si za urembo, za ufundi. Nguo ilisikika.

Kwa waimbaji wa opera mambo yalifika kwenye mwili wenyewe. Mwaka 2004 Deborah Voigt, mmoja wa masoprano wakubwa wa Marekani, aliondolewa kwenye onyesho la Ariadne auf Naxos huko Covent Garden, London, kwa sababu gauni jeusi ambalo mwongozaji alilitaka halikumfaa kwa unene wake. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo mwaka uleule, na mwaka 2008 akarudi kuimba nafasi ileile. Ninapofikiria kwamba mtu alikatwa tumbo na sehemu ya sababu ni gauni, nashindwa kuita jambo hili la juujuu.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Ulaya. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alitukanwa kwa maneno ya kuimbwa kwamba alikuja mjini na kaniki na kwamba isingekuwa sauti asingepata cha kula. Waliomtukana walikiri sauti huku wakimpiga kwa sura. Yeye mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi, na sauti yake ikaingia majumba ambayo hakuna aliyemwona uso. Santuri ilimfanyia haki ambayo jukwaa lilimbania.

Kanga mlangoni

Okestra zimejaribu dawa ya wazi: ficha mwili. Tangu miaka ya 1970 okestra kubwa za Marekani zilianza kuwapima waombaji nyuma ya pazia, mpigaji hana jina, ana namba. Baadhi zilitandika zulia, kwa sababu kisigino cha kiatu cha kike kinagonga sakafu na kumtangaza mwenyewe kabla hajapiga. Claudia Goldin na Cecilia Rouse walichapisha mwaka 2000 utafiti unaosema pazia liliwasaidia wanawake kuingia. Takwimu zake zimebishaniwa tangu hapo, lakini ukweli kwamba wanawake waliongezeka sana haubishaniwi. Katika okestra tano zilizokuwa juu nchini humo walikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 1970, na kufikia miaka ya 1990 mwishoni walikuwa kama robo.

Nasi tukafanya. Jumamosi iliyofuata nilikiri kosa langu mbele ya wenzangu, nikawasikilizisha rekodi, tukafunga kanga kwenye mlango wa sakristia, misumari miwili na kamba. Mabinti wakavua viatu nje. Mimi nilipiga nikiwa nimewapa mgongo. Mzee wetu wa besi, ambaye ana masikio ya popo, alisema namba mbili bila kusita, na wengine wakamfuata. Namba mbili alikuwa wa Cheyo.

Ningependa kuishia hapo, lakini kisa hakikuishia hapo.

Pazia linamfaa mtu atakayeketi katikati ya wenzake themanini. Msanii wa solo hachaguliwi hivyo na hafanyi kazi hivyo. Yeye ataonekana tu. Mazoezi ya kwanza ya ukumbi mzima, binti wa Cheyo alisimama mbele na kuitazama saruji yake. Nota zote zilikuwa sawa. Walioketi nyuma hawakumsikia. Kidevu kikizama kifuani koo linabanwa, na sauti inayotoka inakwenda pale macho yalipo, yaani chini. Mtoto wa benchi la mwisho akamuuliza mama yake, "Ameshaanza?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kura yetu ya kwanza haikuwa ujinga mtupu. Tulikuwa tumeona kitu cha kweli kwa binti wa Isevya: kichwa kimeinuka, mbavu zimefunguka, sauti inafika. Tulichokosea ni kudhani kwamba aliyesimama vizuri ameimba vizuri.

Kusimama kama nguzo

Watu wetu huniuliza kwa nini hawa wa klasiki wanasimama kama nguzo. Swali ni la haki. Hapa Tabora tumekulia kwenye ngoma ambako mwimbaji na mchezaji ni mtu mmoja. Kwa ndugu zetu Wasukuma, makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana uwanjani na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, kwa hiyo kila mbinu inaruhusiwa, hata nyoka ataletwa. Pale sura haifichwi. Inahesabiwa kwa vichwa vya watu. Mtu aliyezoea hivyo akimwona mwimbaji asiyejongea anaona hana hisia. Aliyelelewa kwenye ukumbi wa Ulaya akimwona anayejongea sana anaanza kushuku kwamba anaficha upungufu. Wote wawili wanasoma mwili kwa lugha waliyofundishwa nyumbani.

Jascha Heifetz, mpiga fidla aliyezaliwa Vilnius mwaka 1901, alipiga uso ukiwa mkavu kama jiwe. Walikuwepo waliomwita baridi. Sikiliza rekodi zake na fumba macho. Baridi iko wapi? Mpiga piano Sviatoslav Richter, katika miaka yake ya mwisho, alizima taa za ukumbi na kubakiza taa ndogo juu ya karatasi ya nota, ili watu wasikilize badala ya kuchungulia vidole. Glenn Gould wa Kanada alipiga piano akiwa ameketi kwenye kiti kifupi ambacho baba yake alikikata miguu, akiguna wimbo kwa sauti, na mwaka 1964 akaacha kabisa kupanda jukwaani, akabaki studio. Na unajua nini kilitokea? Giza la Richter likawa sura yake. Kiti cha Gould kikawa maarufu kuliko wapiga piano wengi. Ukimkimbia mtazamaji, atakutambua kwa mbio zako.

Ninayemrudia zaidi ni mwimbaji wa Marekani, Marian Anderson. Mwaka 1939 ukumbi wa Constitution Hall, Washington, ulimkatalia kuimba kwa sababu alikuwa mweusi. Pasaka ya mwaka huo, tarehe 9 Aprili, akaimba nje, kwenye ngazi za sanamu ya Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Hali ya hewa ilikuwa baridi, akavaa koti la manyoya. Hakucheza, hakurusha mikono. Alikuwa na kawaida ya kufumba macho akiimba, na alisimama tu, mwanamke mweusi mahali ambapo hakuna aliyeweza kujifanya hamwoni. Moja ya nyimbo za siku ile ilikuwa Ave Maria hiihii ya Schubert. Nimewaonyesha mabinti wote wawili kipande cha filamu yake. Miaka 84 baadaye Pretty Yende wa Afrika Kusini aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles, gauni la njano linalong'aa mpaka pembe ya kanisa, na sisi tuliomtazama hapa kwenye televisheni ya jirani hatukuona kosa lolote kwenye njano ile. Mmoja alisimama kwa utulivu, mwingine alisimama kwa rangi. Katika wote wawili kichwa kimeinuka na pumzi imeshuka tumboni, na hapo ndipo nilipoanza kumfundisha binti wa Cheyo.

Vipimo viwili

Sikumwambia atabasamu. Sikumwambia afungue mikono. Nilimpa saa ya ukutani, ile iliyo juu ya mlango wa nyuma, nikamwambia amwimbie mtu anayeangalia saa ngapi. Kidevu kikapanda chenyewe. Karatasi tuliiondoa wiki ya pili, na mikono ikahangaika siku tatu kisha ikatulia.

Kutembea alifundishwa na binti wa Isevya, kwa hiari yake. Kila jioni walikuwa wakiingia ukumbini pamoja kutoka sakristia, mara kumi, mara kumi na tano, mmoja akimwambia mwenzake, "Usikimbie, hawaondoki." Kwa upande wetu, mimi na yeye tulishughulikia zile nota zinazoshuka, na Pasaka ataimba yeye.

Kilichobaki kigumu ni kungoja. Katika koncheto ya fidla ya Beethoven mpigaji husimama zaidi ya dakika tatu, okestra ikipiga, fidla iko chini ya kwapa, macho yote yako kwake na hajatoa hata sauti moja. Waliowahi kuwatazama wapigaji wazuri katika dakika zile watakuambia muziki unaonekana tayari: anapumua nao, anausikiliza, hajui kama anatazamwa au hajali. Ave Maria ina vipimo viwili tu vya kinanda, yaani mafungu mawili mafupi ya mapigo, kabla ya mwimbaji, lakini kwa mara ya kwanza vipimo viwili ni virefu.

"Mwalimu, nivae nini?" aliniuliza siku moja kabla.

Nikamwambia sare ya kwaya, kitenge kilekile cha wenzake, na viatu visivyo na kisigino, maana kisigino kirefu kinausukuma mgongo na kuikata pumzi. Akasema mama yake alishamnunulia vya kisigino. Nikamwambia avivae baada ya misa.

Mkesha ulipofika mvua ilikuwa imenyesha jioni na kanisa lilijaa hadi vibarazani. Akatoka sakristia, hakukimbia. Akafika mahali pake. Nikaanza kinanda, kipimo cha kwanza, cha pili, nikiacha macho yangu pale yanapopaswa kuwa. Alikuwa anaangalia saa. Bega likapanda.